Baridi, Moto, ama Kukaa Tu

Nipe mtu aliyerudi kutoka ng'ambo, nipe na chupa moja, kisha nipe dakika tano. Nitakuambia alikuwa nchi gani. Pasipoti sihitaji kuiona. Mimi Owino, ambaye Homa Bay nzima ilikuwa ikiniita Kaunta, niliishia darasa la tano, na hata hilo la tano mwalimu alinionea huruma. Lakini nimesimama nyuma ya kaunta miaka ishirini na sita, Homa Bay kwanza, Migori baadaye, mpaka magoti yakagoma. Leo nina nyumba ya vigae na baa mbili zinazoendeshwa na binti zangu. Watu wa digrii walikuwa wakija kwangu kuuliza mambo ya maisha. Na nilikuwa nawajibu.

Kwa hivyo nyinyi mnaojipanga kwenda Katar na Ujerumani na Kanada, mnaokuja hapa kunionyesha viza kwenye simu, ngojeni kidogo. Watu watawaambia mbebe sweta. Mimi nitawaambia habari za kinywaji, kwa sababu huko mnakoenda kitu cha kwanza kubadilika si Kiingereza chako. Ni mkono wako.

Hilo la mkono nilifundishwa na Mama Pilista, mwanamke aliyeniajiri Homa Bay nikiwa kijana wa kuosha gilasi. Alikuwa mnene, mpole na mkali, vyote kwa siku moja. Aliniambia, "Owino, mdomo wa mlevi unadanganya, na wa mtu mzima pia unadanganya. Tazama mkono." Mtu akiishika chupa shingoni kama kuku wa kuchinjwa, ana hasira, usimletee ya pili haraka. Akibandua karatasi ya chupa na kucha, ana habari mbaya hajamwambia mtu. Akiisukuma chupa mbali kila akimeza, huyo anataka kwenda nyumbani, mwachie njia.

Akanifundisha pia kwamba chupa hufunguliwa mbele ya mteja, mezani, si kwenye kaunta, ili asiwe na mashaka. Chupa tupu usiziondoe mpaka ainuke, mtu anapenda kuona alikotoka. Na kubwa kuliko yote: usifungue kitu kabla hujauliza, "Baridi ama moto?"

Nyinyi wa siku hizi mnacheka. Lakini wakati wetu mwanaume mwenye heshima zake alikunywa bia moto, yaani isiyowekwa kwenye friji. Baridi ilikuwa ya wageni na ya watu wa kifua imara. Swali hilo ndilo lilikuwa mlango wa kazi yetu, na kwa jibu lake nilianza kuwajua waliorudi.

Kuna mmoja alirudi kutoka Ujerumani. Kabla hajaenda alikuwa akiingia tu anapiga kelele, "Meza yote ipate!" Akarudi na miwani. Akaomba gilasi. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akainusa, akasema, "Owino, hii gilasi inanuka sabuni."

Mama Pilista akajibu kutoka jikoni, "Hiyo ni harufu ya usafi, omera, ndugu yangu. Umekaa Ulaya mpaka umeisahau?"

Akamimina bia pole pole, akaingojea ipande povu, akaingojea tena ishuke, huku marafiki zake wanne wamekaa wakitazama koo lake. Alipomaliza akaagiza nyingine moja. Moja! Wale wanne wakaondoka wakisema Ujerumani imetuibia mtu. Mimi nilijua si uchoyo. Huko kila mtu hunywa chake, na ukimnunulia mtu bila kuambiwa anashtuka, anafikiri unataka figo yake. Hakuna aliyemwambia kwamba amerudi.

Wa Uingereza naye alikataa kiti. Alisimama kwenye kaunta kama anayengojea gari, halafu mara moja akaagiza chupa tatu pamoja. "Za nini zote?" nikamuuliza. Akasema si karibu mtagonga kengele ya kufunga? Nikamwambia, "Ndugu yangu, hapa kengele iko kanisani. Kaa."

Na usifikiri ni lazima upande ndege. Vijana wetu wa migodi ya Osiri wakivuka mpaka kwenda kuchimba dhahabu Tanzania, wiki sita tu wanarudi wamebadilika. Mmoja alikuwa na mkono wa kugonga meza: "Leta!" Alirudi akaniambia, "Samahani kaka, naomba moja ya baridi." Nilimshika paji la uso, nilidhani ana malaria.

Msifikiri sikuwahi kukosea. Nilikosea mara mbili. Ya kwanza, nikiwa nimeshahamia Migori, ni Achieng', aliyefanya kazi za nyumbani Saudia miaka sita. Aliingia na gauni refu, kichwa kimefunikwa, nikasema hapa najua kabisa. Nikampelekea soda bila kuuliza, na sahani chini yake kwa heshima.

"Owino, hii ni nini?"

"Soda, dada. Najua huko ulikokuwa hakuna mambo haya."

"Huko nilikokuwa nimekunywa soda miaka sita. Niulize swali langu."

"Baridi ama moto?"

"Moto. Na ufungue hapa hapa nikiona."

Nikafungua. Akavuta tama moja ndefu, akafunga macho, uso ukajikunja. "Kumbe ilikuwa chungu hivi?" Alikuwa ameiota miaka sita, na ile ya ndotoni ilikuwa tamu kuliko yenyewe. Akampa jirani ile chupa, akavuta soda yangu, akasema, "Lakini uliniuliza. Hilo ndilo nilikuwa nataka." Tulicheka mpaka Salim, Mswahili wa duka la vitambaa hapo jirani, akaja kuuliza kama kuna harusi.

Kosa la pili ndilo hili ninalotaka kuwaambia. Wakati huo nilikuwa na baa yangu mwenyewe pale pale Migori, nimejaa sifa kama puto.

Odhiambo wa Karungu alikuwa mteja wangu kabla hajaenda Kanada. Kijana wa watu, mkono mwepesi, kicheko chake unakisikia kabla hujamwona. Alikunywa moto, na hakunywa peke yake hata siku moja. Alikaa Kanada miaka tisa akitunza wazee kwenye nyumba yao ya wazee. Siku aliyoingia kwangu nilimtambua kwa mabega tu. Kwa furaha nikasahau kazi. Nikachukua chupa moto, nikatembea nayo mpaka mezani, nikaifungua mbele yake: pwaa! "Karibu nyumbani, Odhiambo! Hii ni ya kaunta!"

Chupa ikishafunguliwa hairudi, mnajua. Yeye akaitazama. Akasema, "Asante, Owino. Niletee maji."

Mimi nikaona aibu, na aibu yangu hutoka kama utani. Nikasema kwa sauti, "Jamani, Kanada imetutumia askofu! Omera, maji yetu utayaweza? Yana samaki ndani!" Wakacheka. Naye akacheka, lakini mkono wake ulikuwa chini ya meza. Mimi mwalimu wa mikono sikuutazama. Akainuka, akaenda kukaa kwa Salim kunywa chai.

Salim alikuja baadaye. "Kaunta," akasema, "mimi nimekataa kinywaji chako miaka kumi. Nimewahi kukukataa wewe?"

"Hapana."

"Basi nenda ukamwombe yule kijana msamaha. Chai yake inapoa, hainywi."

Nikaenda. Mimi si mtu wa kuomba msamaha, waulizeni binti zangu, lakini nilienda. Odhiambo akaniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. "Owino, hapa nilikuwa nalewa na watu. Kule nilianza kulewa na ukuta." Kule, akasema, unatoka kazini giza, unaingia dukani, unabeba chupa kwenye mfuko wa karatasi, unapanda ngazi, unafunga mlango. Hakuna wa kukuambia hadithi yako imekuwa ndefu. Hakuna wa kukuambia leo inatosha. Unakunywa ile ile idadi uliyokuwa ukinywa na watu sita, na wewe ni mmoja. Siku moja alifika kazini akinuka, na bibi mmoja mzungu aliyekuwa akimlisha akamshika shavu akamwambia, "Mwanangu, leo mimi nitakula mwenyewe, wewe keti." Siku hiyo aliacha. Miaka mitatu sasa.

"Hiyo si shida," nikasema. "Huo ni ushindi."

"Shida ni baba."

Baba yake, Mzee Okelo, alikuwa fundi wa mitumbwi pale Karungu, na kwa busaa, pombe yetu ya nafaka, hakuwa na mpinzani. Kwetu Waluo wazee hukaa kuzunguka chungu kimoja cha busaa, kila mmoja na mrija wake mrefu kama fimbo ya kuvulia samaki, wenye kichujio kidogo kilichosukwa mwishoni. Mrija huo tunauita oseke. Oseke ya mtu ni yake, haiazimwi ovyo. Ya Odhiambo ilikuwa imetundikwa darini kwa baba yake miaka yote tisa, na kila mwaka mzee aliipangusa moshi.

Odhiambo alikuwa amekuja kujenga boma lake. Alikuwa na mke, ana mtoto, ana kiwanja. Lakini kwetu huwezi kujiingilia tu kama unapanga chumba cha kukodi. Ni lazima baba yako akutangulie alfajiri, na jogoo, na shoka, na moto, akuonyeshe hapa ndipo. Na Mzee Okelo alikuwa amesema mbele ya watu, "Mtoto wangu atakaa kwanza chunguni kwangu Jumamosi. Asiyekaa chunguni kwangu simtangulii popote." Odhiambo alikuwa anarudi Kanada Alhamisi. Mzee alikuwa na umri ambao mtu haahirishi mambo mpaka safari ijayo.

"Nikinywa tama moja, Owino, najijua. Nisiponywa, sina boma."

Hapo sasa ndipo kisomo changu cha darasa la tano kilipofanya kazi. Nikamwambia, "Wewe nenda ukalale. Kaunta yuko."

Mpango wangu ulikuwa rahisi kama mipango yote mikubwa. Ukiziba kichujio cha oseke kwa nta ya mshumaa, mtu anaweza kuvuta mpaka masikio yatoke na hakuna tone litapanda. Anakaa, anavuta, anasema "aaah," anapangusa mdomo. Nani atajua? Ndani ya chungu huoni kitu. Jumamosi asubuhi nikafika Karungu, nimejitolea kusimamia shughuli. Mzee alikuwa ameenda ziwani kutazama mtumbwi. Nikamwendea mama yake Odhiambo, aliyekuwa akikoroga sufuria, nikamwambia, "Mama, naomba mshumaa."

Saa nne asubuhi, jua linawaka. Hakuuliza wa nini. Akaingiza mkono kwenye kikapu akatoa kipande kifupi, kimeliwa upande. "Chukua hiki," akasema. "Hiki kimeshazoea."

Mtu mwenye akili angesimama hapo akafikiri. Mimi nilikuwa na haraka ya kuwa na akili. Nikashusha oseke ya Odhiambo, nikaziba kichujio vizuri, nikairudisha.

Mchana wakakaa. Wazee wanne majirani, Mzee Okelo, na Odhiambo mkono wa kulia wa baba yake, oseke sita kwenye chungu kimoja. Mimi nilisimama na birika kubwa la maji moto. Sikilizeni, hii ni kazi. Busaa ya chungu huongezwa maji moto kadiri inavyoshuka, na mwongezaji mzuri haambiwi. Mjinga huchungulia chunguni. Mimi nilikuwa nikijigamba kwamba sichungulii, naongeza kwa kuhesabu watu na muda. Nikapiga hesabu yangu. Odhiambo nikamtoa, yeye ana nta. Majirani ni wanne. Mzee Okelo, kwa jinsi ninavyomjua, nikamhesabu kama watu watatu.

Ilikuwa inaenda vizuri ajabu. Odhiambo alivuta, akapangusa mdomo, akasema, "Baba, hii ni busaa."

Mzee naye akavuta mpaka mashavu yakaingia ndani. "Huko Kanada kwenu mnayo?"

"Hata ya kunusa hatuna."

"Basi vuta, nyathina, mwanangu. Vuta ufidie miaka tisa." Na mzee akafurahi, akaanza kusimulia jinsi mtoto huyu alivyoanguka ziwani akiwa mdogo akatoka na samaki ndani ya suruali. Odhiambo akacheka kile kicheko chake cha zamani. Mimi nikaongeza maji. Jirani mmoja, Mzee Obura, akaimba kidogo. Nikaongeza tena. Nilikuwa nimesimama pale kifua mbele, najitazama kwa macho ya watu, nikasema moyoni, Owino, wewe ungekuwa waziri. Nikainua birika mara ya tatu, macho yangu yako kwa watu, nikamimina kwa mkono wa bwana.

Chungu kikafurika.

Busaa ya moto ikateremka pande zote kama mto Kuja wakati wa mvua. Ikaingia kwenye viatu vyeupe vya Odhiambo, ikaingia kwenye makubazi ya wazee, kuku wakaja mbio. Wote wakaruka juu, na mtu akiinuka chunguni huchomoa oseke yake. Zikachomolewa sita. Nne zilikuwa zinadondosha busaa kutoka ndani: to, to, to. Mbili hazikudondosha kitu.

Mzee Obura akazitazama zile mbili. "Okelo," akasema, "mbona zenu hazikojoi?"

Nikaona nta niliyoweka kwenye oseke ya Odhiambo, nyeupe, mpya. Na kwenye oseke ya Mzee Okelo nikaona nta nyingine, ya kale, imeshaiva rangi ya moshi.

Sijawahi kuona watu wawili wakitazamana vile.

"Hata wewe?" akauliza mzee.

"Hata mimi, baba."

"Tangu lini?"

"Miaka mitatu. Na wewe?"

"Miwili. Daktari wa Homa Bay aliniambia nichague busaa ama miguu. Mama yako ndiye aliyeziba." Akapiga hesabu na vidole, akatikisa kichwa. "Mitatu kwa miwili. Kumbe kwa jambo hili wewe ndiye mzee. Njoo ukae kwenye kiti changu."

Mama alikuwa mlangoni, ameshika nguzo, anacheka hana sauti, machozi yanamtoka. Majirani wakaanguka kwa kicheko. Mzee Obura akauliza, "Miaka miwili unasema 'aaah' na hakuna kitu?" Mzee Okelo akasema, "Na wewe miaka miwili unakunywa sehemu yangu, nani mwizi?"

Halafu mzee akakaa chini, akawa mpole. Akamwambia mwanawe polepole, lakini mimi nilikuwa karibu, na masikio ya kaunta hayastaafu. "Niliogopa ukijua sinywi, utasema huyu mzee ana nini tena cha kukaa naye. Utanisalimia na kupita."

Odhiambo akasema, "Mimi niliogopa utasema nimekuwa mtu wa kule."

"Mtu wa kule angekataa kukaa. Wewe umekaa saa mbili na mrija usiotoa kitu, unasikiliza hadithi ya samaki uliyoisikia mara mia." Akamgeukia mama. "Tuletee uji hapa chunguni." Uji haukupita kwenye vichujio, wakanywa kwa vibuyu. Mimi nikapewa ufagio.

Tangu siku hiyo nilibadilisha swali la kaunta, na binti zangu wanalifuata mpaka leo katika baa zote mbili. Mtu akikaa, akiwa ametoka Kanada ama ametoka kuchunga ng'ombe, tunamuuliza: baridi, moto, ama kukaa tu? Na wa kukaa tu hafukuzwi, analetewa gilasi ya maji, na sahani chini yake. Salim siku hizi anakuja kukaa kwangu mpaka duka lake linalalamika.

Kwa hivyo nyinyi, nendeni. Mkifika, mkono wako utabadilika, usishangae. Mwingine ataacha, mwingine ataanza, mwingine atajifunza kunusa gilasi. Mimi sikukatazi. Ila usinywe na ukuta. Ukiona mlango umefungwa na chupa imefunguliwa, fungua mlango kwanza. Na ukirudi nyumbani ukakuta hutaki tena, usijifiche kwa mama na mshumaa. Sema. Huenda hata huyo unayemwogopa amejiziba kabla yako.

Jumapili alfajiri nilikuwa bado Karungu, nilikuwa nimekataa kuondoka kabla sijaona. Mzee Okelo alitangulia kwa miguu yake miwili aliyoichagua, Odhiambo nyuma yake na shoka begani, mkewe na moto, na jogoo akipiga kelele kwa wote. Walipofika kiwanjani mzee akachapa mguu chini, akasema, "Hapa."

Nyumba imesimama sasa. Juu ya mlango Odhiambo ametundika ile oseke yake, nta yangu bado iko. Ukipita Karungu ingia uione. Ukiomba kunywa nayo haitakupa kitu. Lakini kiti utapewa.